Kaka yangu aliuawa upande wa Thika, nami nikaambiwa India kwenye safari ya wanafunzi

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko humu, wa Kenya na wa ng'ambo ya Namanga.

Mimi ni mzee. Nimepita miaka tisini. Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye tablet, kwa hivyo herufi zikiruka mnivumilie. Kiswahili changu ni cha bara, cha Ruiru. Wale wa pwani msinicheke sana.

Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya kwa muda. Nimeona mtu akileta stori ya kutunga mnamwambia ameleta chai. Hii si chai. Majina ya watu nimebadilisha, isipokuwa la kaka yangu, lakini yaliyotokea yalitokea.

Naandika sasa kwa sababu wiki iliyopita tulimzika rafiki yangu Ramadhani huko Thika. Yeye ndiye aliyeona kwa macho yake haya nitakayosimulia. Mimi nilisikia tu kutoka kinywani mwake. Nikienda na mimi, itakuwa imekwisha.

Sasa nianze.

Kwetu ni Ruiru. Si hii Ruiru ya maflati, wala hii Kiuu mnayoijua ya vyumba vya kupanga mpaka barabarani. Wakati huo ukishuka stesheni uliona kahawa tu, estate za wazungu, mistari na mistari. Sisi tulikaa kwenye ridge, mgongo wa kilima, upande wa juu, pale ardhi ya Wakikuyu ilipopakana na shamba la mzungu.

Baba alikufa nikiwa bado mdogo. Tukabaki na Maitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, na watoto watatu. Njoroge ndiye kifungua mimba. Mimi, Mwangi, ndiye wa katikati. Dada yetu Wambui ndiye wa mwisho.

Njoroge aliacha shule ili mimi niendelee. Hakuna kikao kilichokaa kuamua. Siku moja tu hakwenda shule, akaenda kuandikwa kazi kwenye factory ya estate, ile ya kumenya kahawa mbichi. Maitu alimuuliza mbona umevaa nguo za kazi, akasema, "Mwangi ana kichwa kizuri kuliko changu, na mimi nina mgongo mzuri kuliko wake." Basi ikawa hivyo.

Alikuwa mtu wa mzaha. Angeweza kumchekesha hata karani wa estate, na yule karani alikuwa mtu wa kununa.

Alipokuwa mtoto jembe lilimkata kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, kikaenda chote. Viatu vya dukani vilimsumbua. Kwa hivyo akala zake, zile sandals za tairi, alikuwa anashonewa Majengo, Thika, kwa fundi mmoja anaitwa Mzee Juma. Mzee Juma alikuwa Mwislamu, babake alikuja kutoka Tabora akiwa mpagazi, na mke wake alikuwa Mkikuyu. Mtoto wao ndiye Ramadhani. Alizaliwa Thika na alikuwa anaongea Kikuyu kama sisi tu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikapata scholarship ya serikali ya India kwenda kusoma Delhi.

Wakuu, nyinyi leo mnapanda ndege na kupost picha airport. Sisi tuliondoka na sanduku la mbao. Njoroge alilibeba kichwani kutoka nyumbani mpaka stesheni ya Ruiru, akakataa tulifunge kwenye baiskeli ya jirani, ati litaanguka. Njia nzima alikuwa ananichokoza.

"Usituletee mke wa sari," alisema. "Maitu atashindwa kuita jina lake, atakuwa anampigia makofi tu."

Nilicheka mpaka treni ikafika. Hatukukumbatiana. Wakati ule wanaume hawakukumbatiana. Alinipa mkono, akanirudishia sanduku, akasema soma.

Haikupita muda mrefu Emergency ikatangazwa.

Kwa wale hamjui, huo ndio wakati serikali ya mkoloni ilipambana na Mau Mau, na Mkikuyu yeyote akawa mtuhumiwa. Huwezi kutoka location yako bila pass, ile karatasi ya ruhusa. Watu wakakamatwa maelfu, wakapelekwa kambi. Baadaye nyumba za ridges zikabomolewa na watu wakasukumwa kwenye vijiji vyenye handaki kuzunguka, na lango moja.

Mimi nikiwa Delhi nilikuwa nasoma hayo kwenye magazeti. Barua za nyumbani zilikuwa zinafunguliwa kabla ya kutufikia. Mwanzoni aliniandikia Njoroge kwa niaba ya Maitu. Kisha akaanza kuniandikia Wambui, kwa ule mwandiko wa shule. Sisi wazima, mvua imenyesha, soma kwa bidii. Nikiuliza habari za Njoroge, barua inayofuata haijibu. Nikajiambia wamezuia, au amehamishwa kazi. Mtu akiwa mbali hujidanganya vizuri sana.

Hostel yetu ilikuwa na wanafunzi Waafrika wachache. Wakenya tulihesabika. Mmoja anaitwa Festo, kutoka magharibi, mjomba wake alikuwa chief. Festo alikuwa kijana safi, kanisa kila Jumapili, lakini kulikuwa na fununu kwamba kuna mtu hapo hostel anapeleka maneno kwa ofisi ya Waingereza mjini. Kwamba kuna Mkikuyu mmoja alisimamishwa scholarship kwa sababu ya maneno aliyosema akila. Hatukujua ni nani anapeleka. Tulimshuku Festo. Hatukuwa na ushahidi, tulimshuku tu.

Kwa hivyo mtu alijifunza kufunga mdomo. Habari za nyumbani hazikuongelewa mezani.

Sasa msimu wa baridi ukafika, na Ramadhani akafika nao. Alipata nafasi ya kusomea ualimu kupitia jamaa zake wa msikitini. Yeye kwenye karatasi za serikali hakuandikwa Mkikuyu, kwa hivyo passport haikumletea shida.

Nilipomuona mlangoni na sweta yake nyembamba nusura nilie kwa furaha. Mtu wa Thika! Nilimshika mkono nikamuuliza yote mara moja. Maitu? Wambui? Njoroge yuko wapi?

Alisema, "Maitu nilimuona sokoni. Anakusalimu sana."

"Na Njoroge?"

Akaangalia nyuma yangu. Festo alikuwa anapita na taulo begani.

"Thika sasa hatuoni watu wa Ruiru sana," akasema. "Ni mambo ya pass."

Nikaona hiyo ni sababu ya kutosha. Lakini kila siku baada ya hapo niliona Ramadhani ananikwepa. Tukibaki wawili chumbani, anakumbuka ana kitu cha kufua. Nikamkasirikia. Nilidhani amefika India na sasa hataki kujulikana na mtoto wa mfanyakazi wa kahawa.

Basi ikatangazwa safari. Profesa wetu wa historia, Profesa Mathur, mzee mpole mwenye miwani minene, alikuwa na desturi ya kuwatembeza wanafunzi wa kigeni kwenye miji ya kale wikendi moja kila mwaka. Safari hii ilikuwa Agra, na mji mwingine karibu na hapo unaitwa Fatehpur Sikri. Tuliambiwa tubebe blanketi na chakula cha njiani.

Ramadhani alikuwa wa kwanza kusema anakwenda. Nikashangaa, kwa sababu tangu afike hakuwa anatoka hata kwenda sokoni.

Tulipanda treni asubuhi ya Jumamosi. Third class, mbao tupu, tumebanana na watu na mabunda yao. Waganda waliimba. Festo akatoa machungwa akagawa. Ramadhani alikaa dirishani, hakuimba, hakula. Nilimwona anasogeza midomo kama mtu anayekariri somo. Nikafikiri anaswali.

Kutoka Agra tulichukua basi moja kwa moja mpaka Fatehpur Sikri.

Wakuu, kama hamjawahi kusikia, huo ni mji wa mfalme. Ulijengwa wote kwa mawe mekundu juu ya kilima. Kasri, msikiti, viwanja, mabwawa, zizi la ngamia. Kila kitu kiko, isipokuwa watu. Profesa alituambia mfalme alikaa hapo miaka michache tu kisha akaondoka na kila mtu. Wengi wanasema maji yaliwaishia.

Tulitembea humo ndani, viatu vyetu vinalia kwenye mawe. Kasuku wa kijani walikuwa wanaingia na kutoka kwenye madirisha. Kulikuwa na baridi, na jua lilikuwa dhaifu kama limepakwa maziwa. Nilijisikia vibaya bila kujua sababu. Chumba baada ya chumba, na hakuna hata jivu la moto.

Katikati ya ule uwanja wa msikiti kuna kaburi la mtu mtakatifu, limejengwa kwa marumaru nyeupe. Watu hufunga nyuzi kwenye madirisha yake na kuomba shida zao. Ramadhani aliingia humo akakaa muda. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa, na alinijia moja kwa moja.

Akaniambia kwa Kikuyu, "Twende kule kwenye lango kubwa. Wenzetu wanamfuata profesa upande ule mwingine. Hapa hatutasikika."

Hilo lango ni refu ajabu, na ngazi zake zinashuka mpaka kijijini chini. Tukakaa kwenye ngazi ya juu. Upepo ulikuwa unavuma kweli kweli.

"Mwangi," akasema, "mamako alinituma kwako. Alinituma kwa mdomo. Alisema nisiandike popote, na nisikuambie mpaka tuwe mahali hakuna mtu wa kwetu atakayesikia. Pale hostel sikupata mahali hapo."

Nikamwambia sema.

"Njoroge alipigwa risasi."

Nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza, "Kwa hivyo yuko hospitali?"

Akatikisa kichwa.

Akanieleza. Ilikuwa huko chini, kuelekea Gatuanyaga, kule ardhi inakuwa kavu. Patrol ya askari iliwakuta watu asubuhi wakipita. Ramadhani hakujua kama Njoroge alikuwa amejiunga na watu wa msitu, yaani Mau Mau, au alikuwa anawapelekea chakula, au alikuwa anatembea tu bila pass. Hakuna aliyejua. Mpaka leo sijui.

Maiti zililetwa Thika zikalazwa chini kando ya barabara, karibu na post ya polisi. Watu wa vijiji wakaletwa kwa malori wapite mbele yake mmoja mmoja, waseme wanamjua nani. Wenye maduka na mafundi wa Majengo nao wakaamriwa wafunge waje waangalie. Ramadhani alisimama hapo na babake.

"Uso ulikuwa umeharibika," akaniambia. "Lakini niliona mguu."

Babake, Mzee Juma, alikuwa ameuona pia. Alimshika Ramadhani mkono kwa nguvu, kumwambia nyamaza.

Kisha wakaletwa watu wa Ruiru. Maitu alikuwa katikati ya mstari, kitambaa kichwani, Wambui nyuma yake. Alipofika, akasimama. Mzungu akauliza na mkalimani akasema, "Mama, unamjua huyu?"

Ramadhani akasema Maitu aliangalia chini kwa muda, bila haraka, kama mtu anayechagua viazi. Kisha akasema, "Simjui. Ni mtoto wa watu."

Wakamuuliza tena. Akasema tena.

Wambui alikuwa amefunikwa uso na shuka la Maitu, asione. Wakapita.

Wakuu, nilimshika Ramadhani koti shingoni. Nilimtikisa. Nilimwambia wewe ni mwongo, mamangu hawezi kumkana mtoto wake, umetumwa na hao watu unijaribu. Hakunizuia. Aliniacha nimtikise mpaka nikachoka.

Kisha akamalizia ujumbe. Siku ya soko iliyofuata Maitu alifika kwenye kibanda cha Mzee Juma akijifanya ameleta kiatu. Alikuwa amesikia Ramadhani anakwenda India. Alimwambia hivi, na Ramadhani alikuwa amekariri neno kwa neno:

"Mwambie Mwangi kaka yake amekwisha. Mwambie nilisema simjui, kwa sababu ningesema ndiyo wangenichukua mimi, Wambui angebaki na nani, na yeye Mwangi wangemtafuta huko huko aliko. Mwambie asirudi. Akirudi sasa atakuwa ametuua sisi wote. Na asilie mbele ya watu."

Hayo ndiyo aliyokuwa anakariri kwenye treni.

Nilikaa pale. Sikulia. Si kwa sababu mama alisema. Machozi hayakuja tu. Niliangalia chini kijijini, mwanamke alikuwa anaanika kinyesi cha ng'ombe ukutani kikauke kiwe kuni, na nilimwangalia mpaka akamaliza ukuta wote.

Ramadhani akaniambia jambo moja zaidi, polepole. Kwamba nyumba yetu haiko. Ridge yote ilichomwa. Wako kijijini, wamezungukwa na handaki.

Tukasikia sauti za wenzetu. Profesa alikuwa anaita. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikaenda nikasimama na wengine, nikasikiliza historia.

Kesho yake, Jumapili, ikawa Taj Mahal.

Mmeiona kwenye picha. Sisi tulipofika hatukuona kitu. Ukungu wa January kule ni kama pamba, tulisimama mbele ya ile bustani tukaangalia weupe mtupu. Profesa akawa anaeleza hata hivyo. Mfalme alifiwa na mke wake akijifungua. Akaita mafundi kutoka kila nchi. Miaka zaidi ya ishirini, ili mtu mmoja alale vizuri.

Nilikuwa nasikia kila neno. Na nilikuwa nawaza, Njoroge alilala barabarani Thika, halafu akapelekwa wapi? Nani alimbeba? Walimvua akala zake?

Ukungu ulipoanza kuondoka, ile nyumba nyeupe ikajitokeza kidogo kidogo, na wenzangu wakapiga kelele ya furaha. Hapo nikawageuzia mgongo. Nilikaa chini kwenye ukingo wa maji.

Festo akaja mbio. Akainama, akaniangalia usoni.

"Mwangi, una nini? Umepata habari mbaya za nyumbani?"

Kwa sauti kubwa, wakuu. Wote wakageuka.

Nikasema, "Tumbo. Yale maandazi ya jana."

Aliniangalia kidogo. Akavua koti lake, akanifunika. Akaenda nje ya lango akarudi na chai moto yenye tangawizi kwenye kikombe cha udongo, akaishikilia nikinywa. Hakuuliza tena.

Mpaka leo sijui lile swali lilikuwa la nini. Pengine alikuwa mtu mwema tu aliyeona mwenzake anaumwa. Pengine alikuwa anataka jibu apeleke mahali. Alikufa zamani, na sikuwahi kumuuliza. Hiyo ni sehemu ya ubaya wa wakati ule. Mtu anakuletea chai na wewe unaogopa kumshukuru.

Kisha mpiga picha akatupanga. Profesa alitaka ukumbusho. Mimi nikawekwa mstari wa mbele kwa sababu ya ugonjwa, nikae. Profesa akasema tabasamuni, mpeleke nyumbani wazazi wakaone. Nikatabasamu. Picha ninayo. Ukiiangalia utasema yule kijana wa mbele ndiye aliyefurahia safari kuliko wote.

Miezi iliyofuata sitaki kuieleza sana. Nilifeli karatasi moja, nikairudia. Ramadhani aliniletea chakula chumbani nikishindwa kwenda mezani, akiwaambia watu nina malaria. Ijumaa moja alisoma Kurani chini chini kwa ajili ya Njoroge, na mimi nilikaa kitandani na Biblia yangu. Mlango tuliufunga, tukasikiliza nyayo nje kila mara. Hayo ndiyo matanga ya kaka yangu. Watu wawili, nchi ya watu.

Nilitaka kurudi kila siku. Sikurudi. Nilimaliza, nikapata kazi ya ukarani huko Delhi, nikangoja.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya hamsini, mambo yalipolegea kidogo. Nilishuka Ruiru na sanduku lile lile. Hakuna aliyenipokea kwa sababu sikuwa nimeandika siku.

Nilikuta kijiji. Nyumba za udongo zimesongamana mistari, moshi, watoto wengi, wazee wachache. Handaki lilikuwa limeanza kujaa majani. Niliuliza nyumba ya Maitu nikaonyeshwa.

Alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Alikuwa amekuwa mdogo. Alisimama akaweka mikono yake miwili usoni mwangu, akaishikilia hapo. Majirani wakaja, wanawake wakapiga zile ngemi tano, vigelegele vya mtoto wa kiume, kama nimezaliwa siku hiyo.

Wambui alikuwa msichana mkubwa sasa. Alinishika mkono mbele ya watu wote akauliza, "Meli ilipita Tanganyika? Njoroge alienda kutafuta kazi huko kwenye mkonge. Hukumsikia?"

Nikaelewa Maitu alichokuwa amemwambia miaka yote hiyo.

Maitu alikuwa ananiangalia juu ya bega la Wambui. Sikuwahi kuona macho kama yale.

Nikasema, "Hatukufika huko. Meli iliishia pwani ya kwetu."

Baada ya siku chache Maitu aliniambia nimsindikize kwenye shamba letu la zamani akapande. Tulitembea mpaka kwenye ridge. Pale nyumba yetu ilipokuwa palikuwa na magugu na mibono imejiotea. Tukalima bega kwa bega muda mrefu, jua likachoma. Nilikuwa nangoja aanze. Hakuanza. Nikasimama na jembe.

"Maitu," nikasema, "kuhusu Njoroge."

Hakuinua kichwa.

"Yule kijana wa Mzee Juma alikufikia?"

"Alinifikia."

"Akakuambia yote?"

"Yote."

"Na maneno niliyosema pale barabarani, alikuambia?"

"Aliniambia."

"Basi umeshaambiwa," akasema. "Mimi sitasema mara ya pili."

Akaendelea kulima. Niliona mgongo wake unatikisika, lakini jembe halikusimama. Nami nikainama nikalima karibu naye.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona uhuru, akaona wajukuu. Hakutaja tena jina la Njoroge mbele yangu.

Wambui nilimwambia baada ya uhuru, watu wengine waliporudi kutoka Tanganyika na Njoroge hayumo. Tulikuwa tunatoka kanisani, barabara ya vumbi, amebeba mtoto mgongoni. Nilijiandaa wiki nzima. Nilipomaliza alitembea kidogo kisha akasema, "Nilijua. Shuka la Maitu lilikuwa limetoboka. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniambie."

Nyumba moja, watu watatu, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza, na wote tunajua.

Wakuu, mtaniuliza somo ni nini. Mimi nililopata ni hili. Ramadhani alikuwa kijana tu. Angeweza kukaa kimya, aniache nisome kwa raha, na hakuna angemlaumu. Alibeba maneno ya mama yangu kutoka Thika mpaka juu ya lile lango, akayatua kwangu bila kuongeza wala kupunguza, nami nikamkaba shingo. Ukitumwa habari nzito, ifikishe kwa mwenyewe, halafu usimkimbie. Kaa naye. Yeye alikaa na mimi maisha yote.

Na mkiwa na mzee nyumbani ambaye kuna jambo halitaji, msimlazimishe. Lakini mwambieni mnajua. Inamtua mzigo.

Sasa ombi langu, na ndiyo sababu hasa ya kufungua uzi huu.

Wale waliolazwa kando ya barabara Thika siku ile walipelekwa mahali. Nimeuliza miaka mingi. Mmoja aliniambia ni karibu na mto, mwingine akasema ni pale mtaa wa Kiandutu ulipojengwa baadaye, watu wanapika na kulala juu yake bila kujua. Sina hakika na lolote.

Kama una cucu au guka, yaani bibi au babu, Thika, Ruiru, Gatuanyaga, hata Juja, muulize taratibu, akiwa ametulia. Kama kuna alichoona au alichosikia kwa mzazi wake, niandikie hapa chini, au nifuate inbox. Usiogope kwamba ni kidogo. Mimi nitasoma kila comment. Polepole, lakini nitasoma.

Alikuwa mrefu, mweusi, mcheshi. Mguu wa kushoto hakuwa na kidole cha mwisho. Anaitwa Njoroge, na mimi namjua. Ni kaka yangu.